Kijiji Ndani ya Mvuke wa Pasi

Mwaka ule wa hamsini na sita, aliyetaka kumwona Adolphine akiwa na raha ilimbidi apite nyuma ya nyumba ya Musiyé Norbert siku ya pasi. Siku nyingine alikuwa mwanamke kama wengine wa mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika: alilima muhogo wake, alianika ndakala, dagaa wa ziwani, aligombana na kuku wa jirani. Lakini siku ya pasi, makaa yakishakolea na shati lenye unyevu likianza kutoa mvuke, macho yake yalikwenda mbali, na ungeweza kumwita mpaka koo likukauke asiitike.

Kazi ile ilikuwa ya mumewe. Bonaventure alikuwa dobi wa Musiyé kwa miaka mingi, na enzi zile kuwapigia Wazungu pasi ilikuwa kazi ya wanaume. Aliyeijua alitembea kifua mbele. Homa ilipomchukua Bonaventure, Adolphine alimaliza matanga, akaingia uani kwa Musiyé, akaiokota pasi pale ilipoachwa, akapuliza makaa. Watu walisema waliyosema. Yeye aliwaacha, na mashati yakaendelea kunyooka.

Musiyé Norbert alikuwa fundi wa mashine za pamba. Wengi walimdhani Mbelgiji, naye alilichukia jambo hilo kuliko mbu. Alikuwa Mswisi, na kijiji chake kiliitwa Vaulmorin. Hakuwa na mke wala mtoto. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, kwa hiyo alasiri alikaa barazani na kiko chake, karibu na meza ya pasi, akaongea. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hakikuwa na haya hata kidogo.

"Kwetu, Adolphine, iko mulima moya mukubwa sana," angeanza, kama vile mara iliyopita hakuanza hivyo hivyo. "Juu yake iko nyeupe. Mwaka muzima, nyeupe."

Weupe ule Adolphine aliuelewa upesi kuliko watu wengi, maana mashine za pamba zikifanya kazi, nyuzi nyepesi ziliruka hewani zikatua juu ya mapaa na majani, na mtaa mzima ukawa mweupe bila kelele. Musiyé alimwambia kwamba huko mvua yenyewe hushuka hivyo, polepole, baridi. Basi. Yaliyobaki aliyajenga mwenyewe, shati baada ya shati.

Aliujua mto wa Vaulmorin, wenye maji ya rangi ya maziwa, unaokunja kona chini ya mwamba. Aliijua mitaa mitatu, wa chini, wa kati na wa juu, na msitu ambao haukuwa wa mtu mmoja bali wa wote, na mtu hakukata mti mpaka wenzake wakubali. Alijua kwamba kiangazi wanaume huwapandisha ng'ombe kwenye malisho ya juu kabisa, na baridi ikianza kung'ata huwashusha, ng'ombe wa mbele akiwa amevikwa maua. Ndugu wawili ndio waliokianzisha kijiji, wakimtafuta ng'ombe aliyepotea. Walimkuta anakunywa kwenye chemchemi, wakaona hakuna haja ya kurudi. Baadaye watu walichonga mifereji ya mbao, wakaining'iniza kwenye mwamba ili kuyaleta maji mashambani, na zamu za maji zikakatwa alama juu ya fimbo, kila nyumba na alama yake. Ya nyumba ya Musiyé ilikuwa kama unyayo wa kuku.

Halafu yalikuja mabaya. Mlima ulimeguka ukaufunika mtaa wa chini, watu na ng'ombe. Miaka mingi baadaye moto ulitoka katika tanuri la mikate ukala kijiji mpaka kanisa. Waliobaki walileta masufuria yao ya shaba, kila nyumba moja, wakayayeyusha, wakatengeneza kengele mpya. Ndiyo maana, alisema Musiyé, kengele ikilia kila nyumba husikia sauti ya sufuria yake.

Hapo Adolphine aliinua pasi kila mara, asije akaunguza kitu.

Lakini neno lililomwingia kuliko yote lilisemwa siku moja kwa kupita tu, Musiyé akitafuta kiberiti.

"Kwetu muntu anaweza kuzaliwa mbali, hata ng'ambo ya bahari. Banamuhesabu pale kijijini. Akikuwa masikini, kijiji inamupokea. Iko sheria."

"Hata kama hayalala pale hata siku moya?" Adolphine aliuliza.

"Hata kama."

Siku ile alikwenda nyumbani akitembea taratibu. Adolphine hakuwa na mahali pa kuhesabiwa. Bibi yake alikuja ziwani akiwa mtoto mdogo, amefungwa kamba pamoja na wengine, enzi za misafara ya watumwa. Mapadri wa zamani wakamkomboa, wakambatiza, wakamlea misheni. Alitoka wapi? Hakulijua jina la kijiji wala la mto. Aliyemuoa alikuwa mtoto wa misheni kama yeye, na mama yake Adolphine aliolewa na wa misheni, na Bonaventure naye alikuwa wa ukoo huo huo wa watu wasio na ukoo. Huku na huku hakukuwa na baba mdogo wala mjomba. Wabembe wa milimani waliishi nao vizuri tu, waliuziana samaki na mahindi, lakini neno la ndoa likiingia, ndipo ulipomsikia mtu akinong'ona kwamba hao ni watu wa kuokotwa.

Na neno la ndoa likaingia. Binti yake wa pekee, Georgette, alipendana na kijana Placide, Mbembe wa upande wa Fizi, dereva wa lori la pamba. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, kijana hakuwa mlevi, msichana alikuwa na adabu na kicheko kizuri. Kilichobaki kilikuwa wazee kuja kuongea, na hapo ndipo penye shida. Kwa watu wa Placide ndoa haikusimama mpaka mbuzi wa wajomba apelekwe kwenye kilima alikotoka mama wa bibi arusi, ili mtoto atakayezaliwa ajulikane kule. Wasipopata kilima wangerudi na mbuzi wao, na Georgette angebaki.

Walikuja siku ya Jumamosi na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Aliyeongoza alikuwa Raphaël, baba mkubwa wa Placide, mtu wa sauti nzito na koti lililobana kwapani. Pamoja naye alikuja dada yake, Marthe, mwanamke mfupi ambaye alipewa kiti akachagua mkeka. Walikula ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo kwa samaki, wakamsifia samaki, wakauliza habari za mvua. Kisha Raphaël akapangusa mikono.

"Mama Georgette, tumekuya na roho muzuri. Mutoto wako hatuna neno naye. Lakini mbuzi ya bajomba, tutaipeleka kilima gani?"

Adolphine alikuwa ameandaa jibu la heshima: kwamba bibi yake alikombolewa, kwamba Mungu ndiye ajuaye. Alifungua kinywa alitoe. Akaona vidole vya Georgette vikilishika pazia la mlango kutoka nyuma. Jibu la heshima likamkimbia.

"Kwetu ni mbali," akasema. "Kuko mulima moya mukubwa sana."

Na baada ya kuanza, hakuweza kusimama. Sauti yake iliingia katika mwendo wa pasi, kwenda na kurudi. Alisema habari za ndugu wawili na ng'ombe aliyepotea, na za chemchemi. Raphaël aliuliza kama huko ni kupita Minembwe, kwenye nyanda za juu. Adolphine akajibu ni kupita, mbali zaidi, baridi zaidi. Raphaël alitikisa kichwa, maana aliwahi kuwaona wachungaji wa Bibokoboko wakihama na mifugo, na jambo la ng'ombe kupanda na kushuka lilimkaa vizuri akilini. Adolphine alisema habari za msitu wa wote na fimbo ya zamu za maji. Akachora kwa kidole, kwenye vumbi, alama ya unyayo wa kuku. Mlima ukameguka. Moto ukawaka. Alipofika kwenye kengele aliimeza upesi akaigeuza ngoma, iliyoshonwa kwa vipande vya ngozi, kila nyumba kipande kimoja. Ngoma ya viraka haiwezi kulia hata kidogo, lakini hakuna aliyeuliza.

"Na muntu wa kule akizaliwa mbali?" Raphaël aliuliza polepole.

"Banamuhesabu pale pale."

Kijiji cha Raphaël mwenyewe kilikuwa kimeteremshwa kutoka mlimani, kwa amri ya serikali, kikapangwa barabarani nyumba kwa mstari, na makaburi ya baba zake yalibaki juu na nyani. Alifumba macho, na ilionekana wazi kwamba yuko Vaulmorin, anapandisha ng'ombe. Adolphine alimwonea huruma na wakati huo huo alijisikia vibaya.

Ni Marthe aliyeuliza. Muda wote alikuwa ameinyoosha miguu yake mkekani, akisikiliza kama mtu anayechambua mchele.

"Kijiji ni muzuri," alisema. "Lakini mama, bamama ba kule banachota mayi wapi? Na banachota namna gani?"

Adolphine akatafuta. Alizunguka mitaa yote mitatu, akaangalia kona ya mto, mifereji ya mwambani, malisho ya juu. Kila mahali aliwakuta wanaume. Wanaume walichonga, wanaume walipanda, wanaume walizima moto. Katika miaka yote ile ya pasi hakuwahi kumwona mwanamke hata mmoja Vaulmorin, na hakuwa ameligundua jambo hilo mpaka sasa.

"Mayi..." alisema. "Mama Marthe, nitakujibu kesho, kisha misa."

Wageni walipokwenda kupumzika kwa jirani, alifunga kanga ya pili akaenda kwa Musiyé bila kupiga hodi inavyotakiwa. Alimkuta barazani na kiko chake.

"Musiyé, kule kwenu bamama banachota mayi wapi?"

Musiyé alimtazama, kisha akatazama ziwa. Kiko kilizimika mkononi.

"Sijue, Adolphine."

"Unajua mayi ya bangombe, na mayi ya mashamba."

"Ile baba aliniambia. Na baba aliambiwa na babu. Babu alitoka kule mutoto, juu ya njaa, akaenda muji kubwa kutengeneza saa. Hakurudia. Baba hakufika." Aligeuza kiko, akakikung'uta kwenye ukingo wa kiti. "Mi pia, sikufika."

"Hata siku moya?"

"Hata."

Adolphine alikasirika. Alikasirika kweli, mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote ile alikuwa amekaa ndani ya kijiji ambacho hata mwenyewe hakukiona, na sasa amekisimamishia ndoa ya mwanawe. Alitaka kumwambia Musiyé maneno ambayo dobi hamwambii bwana wake. Kisha akamtazama vizuri: mguu mbovu juu ya kigoda, kola ambayo yeye Adolphine aliinyoosha juzi, macho yanayolitazama ziwa kana kwamba kuna mtu angetokea huko. Hasira ikamwishia katikati.

"Na ukikuwa masikini, batakupokea?"

"Iko sheria."

"Lakini batakujua, Musiyé?"

Musiyé alitafuta kiberiti mifukoni. Adolphine aliaga akarudi nyumbani.

Jumapili, misa ilipokwisha, walikaa tena. Raphaël alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameshaanza kuuliza kama kwenda kule mlimani ni safari ya miguu au kuna mahali lori hufika. Adolphine hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mkekani, mbele ya Marthe.

"Kijiji nilisema jana, hakiko yetu," alisema. "Ni ya Musiyé ninayemupigia pasi. Na yeye hakuifika. Nilisikia habari yake siku nyingi mpaka nikakaa ndani. Yetu sijui. Bibi yangu alikamatwa mutoto, alifika hapa na kamba. Kilima hatuna. Mutoto wangu hana kosa, mumuhurumie."

Raphaël alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji, na kilichomuuma zaidi, nadhani, hakikuwa uongo, bali ng'ombe wale waliovikwa maua, ambao aliwashusha usiku kucha usingizini. Alikwenda mpaka kwenye mlango, akashika kofia yake.

"Twende, Marthe."

"Kaa," Marthe alisema.

"Tumedanganywa."

"Wewe umedanganywa. Mimi niliuliza mayi." Akamgeukia Adolphine. "Asubuyi ya leo nilishuka mutoni Mutambala kunawa. Nilikuta mutoto wako anachota. Alijaza kibuyu ya kwanza, hakumimina mu mutungi. Alimwanga juu ya kisigino yake ya kushoto, polepole, kisha akaanza kujaza. Nani alimufundisha vile?"

Adolphine aliinua uso. Alihitaji kufikiri, kwa kuwa jambo lenyewe hakuwahi kuliona kuwa ni jambo. Alilifanya tangu utoto. Mtu alipochota maji, kibuyu cha kwanza kilikuwa cha kisigino, basi, kama vile mtu hufunga kanga kabla ya kutoka.

"Mimi," alisema. "Labda. Aliniona tu."

"Na wewe?"

"Mama yangu. Na yeye, bibi."

"Na bibi?"

Nje jogoo aliwika bila sababu. Georgette alikuwa ametoka nyuma ya pazia bila mtu kumwita, amesimama na mikono mitupu.

"Bibi alifika hapa mudogo sana," Adolphine alisema. "Mapadri balikuwa banaume. Hapa sikuona mwanamuke mwingine anafanya vile. Hapana. Alikuya nayo."

"Hapa hakuna," Marthe alisema. "Fizi hakuna. Hata kule juu kwa bachungaji, hakuna. Nimezeeka, nimechota mito mingi. Basi iko mahali, bamama bote banachota vile. Balimukamata mutoto, balimunyanganya jina na nguo na lugha, lakini hii habakuiona." Alivuta miguu yake, akaikunja. "Muntu mwenye hii hakuokotwa, Raphaël. Alipotezwa. Ni kitu ingine."

Adolphine alilia, kwa sauti, bila kujificha, na Georgette akaja akapiga magoti pembeni yake. Hakuwahi kumlilia bibi yake namna ile, hata siku ya kumzika. Raphaël alibaki na kofia mkononi, akiitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikisahau humo. Mwishowe akaitundika tena ukutani.

"Na mbuzi?" aliuliza, kwa unyonge.

"Mbuzi tutaileta mutoni," Marthe alisema. "Pale banachota."

Na ndivyo ilivyokuwa. Walimleta mbuzi mweusi mwenye ndevu, mkaidi, aliyemvuta Placide matopeni mbele ya wakwe zake. Hakukuwa na mjomba wa kumpokea. Adolphine alishuka Mutambala na mtungi wake, akajaza kibuyu cha kwanza. Kila siku ya maisha yake alikuwa amekifanya kitendo kile bila kukifikiri. Siku ile mkono ulikuwa mzito, na maji yalipogusa kisigino aliyasikia mpaka gotini. Kisha akapokea kamba ya mbuzi.

Siku ya pasi iliyofuata Musiyé Norbert alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Tangu lile swali hakuwa ameitaja Vaulmorin tena. Adolphine alipuliza makaa, akanyunyiza maji juu ya shati, akaanza kwenda na kurudi. Mvuke ulipanda, na mlima ukawa pale pale, mweupe.

"Musiyé," alisema. "Nimeona bamama ba kwenu."

Musiyé aligeuza kichwa.

"Banatoka mutaa ya kati, asubuyi, kama baridi ingali. Banashuka kwa ile chemchemi ya ng'ombe aliyepotea, ndiyo banachota pale, kwa sababu mayi ya mutoni iko chafu ya mawe. Banacheka sana. Moya iko na mimba. Yule wa mbele ni wa nyumba yenu, ile ya unyayo wa kuku. Anajaza kibuyu ya kwanza." Aliigeuza kola, akaipitia ncha. "Hamimini mu mutungi, Musiyé. Anamwanga kwanza juu ya kisigino."

Kiko kilikuwa mdomoni bila moto.

"Ya kushoto ao ya kuume?" Musiyé aliuliza.

"Ya kushoto," alisema Adolphine, akachukua shati jingine.